Njiti Tatu Chini ya Bawa

Nilimwahidi Achieng', mbele ya lango la chuo, mvua ikitunyeshea sote wawili, kwamba nitaandika kwa jina langu kilichoiangusha ile ndege. Hakunitaka niape. Aliniuliza mara moja tu kama nitaandika, nikamjibu kwamba nitaandika kabla ya muhula kwisha. Miaka tisa imepita. Sikuandika muhula ule wala mwingine wowote, na huenda nisingeandika kamwe kama, Jumamosi mbili zilizopita, nisingekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema la matanga huko Ahero, nikamsikiliza mdogo wa marehemu Mama Rispa akieleza jinsi dada yake alivyopoteza jicho.

Kwa watu wa huko, kabla jeneza halijashushwa, kila anayetaka husimama na kusema alivyomjua marehemu. Walikuwa wamesema mengi: kwaya ya kanisa, wenzake wa mashamba ya mpunga, jirani aliyewahi kugombana naye kuhusu mfereji wa maji. Kisha mdogo wake akashika kipaza sauti akasema kwamba Rispa alikuwa mtu wa kukubali kosa lake. "Mnajua ile ndege ya watoto wa chuo ilimpiga jicho," alisema. "Tulitaka kwenda polisi. Yeye akasema hapana. Akasema, mimi ndiye nilisogea. Niliambiwa nisimame nyuma ya kamba, nikasogea kwa sababu ni mpunga yangu. Alisema hivyo mpaka mwisho." Watu wakacheka kidogo, kwa upendo, kama wanavyocheka waombolezaji wakikumbushwa ukaidi wa mtu wao. Nilikuwa nimepakata sahani ya wali na nyama. Niliuona wali ukimwagika juu ya suruali yangu nyeusi, punje baada ya punje, na sikuweza kuuinua mkono kuizuia sahani. Kwa miaka tisa nilidhani uongo wangu ulikuwa umemuumiza mtu mmoja, Achieng'. Haikunijia hata siku moja kwamba mwanamke yule alikuwa akikaa nyumbani kwake, na jicho moja, akijilaumu kwa kupiga hatua mbili shambani mwake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi pale Kisumu, na niliamini kwa moyo wote kwamba elimu ikishuka kutoka ubaoni hadi mashambani, umaskini wa watu wetu utakoma. Siionei haya imani hiyo. Ninayo hadi leo. Ninachokionea haya ni kwamba niliamini elimu husafiri kuelekea upande mmoja tu. Chama chetu cha ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti kilikuwa na wanafunzi wachache na mtu mmoja asiye mwanafunzi. Huyo alikuwa Achieng', rika langu, aliyemaliza kidato cha nne na kuanza kazi kwa shangazi yake, Mama Pamela, katika soko la Kibuye. Mama Pamela alinunua yale maboksi meupe ya povu gumu, mepesi kama mkate, ya kusafirishia minofu ya samaki na barafu. Yaliyovunjika aliyaunga kwa gundi na kuyauza tena kwa wachuuzi wa samaki. Yasiyoungika Achieng' aliyakata kuwa mabawa ya ndege zetu.

Alikatia stoo, nyuma ya kibanda. Nikifumba macho naiona bado: mabati yanayolia kwa joto, maboksi yamerundikwa hadi darini, harufu ya sangara iliyogoma kutoka ndani ya boksi hata lioshwe mara ngapi, na juu ya meza waya mwembamba uliotolewa katika koili ya jiko la umeme, umevutwa kati ya vipande viwili vya mbao. Umeme ukipita, waya uliiva, na boksi lilikatika kimyakimya. Achieng' alikuwa akiusukuma ubao wa boksi kwenye waya huku amebana pumzi, na alipomaliza bawa alipumua kama mtu aliyetoka majini. Saa saba Mama Pamela alituletea ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwa nyanya, tukala tumekalia maboksi. Alikuwa na ulimi mkali. Mimi aliniita Injinia, na si kwa heshima. "Injinia, hiyo daftari yako itaruka lini?" aliniuliza siku moja mbele ya wachuuzi wawili waliokuja kuchukua mzigo. "Achieng' ashavunja ndege nane. Wewe hujavunja hata moja. Kazi yako ni kuandika tu vile zimevunjika." Wachuuzi walicheka hadi mmoja akalazimika kuketi. Nami nilicheka, kisha nikaandika kwenye daftari: ndege ya nane, upande wa kushoto.

Ndege zote nane zilikuwa zimevunjika kwa njia moja. Wakulima wa mpunga wa Ahero walitaka ndege ya kuwafukuza kwelea, wale ndege wadogo wa porini wanaotua shambani kwa makundi na kuacha mabua matupu. Wakulima walikuwa wakiwafukuza kwa kupiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, kutwa nzima, majuma mfululizo, na watoto wakikosa masomo. Kamati yao iliahidi kwamba ndege ikifaulu, Achieng' atapewa kazi ya msimu mzima, na chuo kilidokeza kwamba mtu mwenye ushahidi wa kazi kama hiyo anaweza kufikiriwa kwa nafasi ya stashahada. Hilo ndilo lililokuwa mezani pake pamoja na yale mabawa. Lakini ndege ya kufukuza kwelea haina budi kuruka chini na polepole, na kugeuka juu ya majaruba, vile vitalu vya mpunga vyenye maji, bila kwenda mbali. Na ndege zetu, kila zilipogeuka polepole, zilidondoka.

Nieleze, kwa sababu kila kitu kinategemea jambo hili. Bawa hubeba kwa kuwa hewa hufuata mgongo wake. Ndege ikipunguza mwendo huku imeinua pua, hufika mahali ambapo hewa haiwezi tena kuufuata mgongo ule. Huachana nao, na bawa hukoma kubeba. Stoo tuliita hali hiyo kuachia. Hakuna bawa lisiloachia. Swali ni linaanza kuachia wapi. Likianzia katikati, karibu na mwili, ndege hushusha pua kwa upole kama muumini anayesinzia wakati wa mahubiri, hupata mwendo, na kuamka. Likianzia nchani, upande mmoja huanguka ghafla, ndege hujizungusha, na rubani aliyesimama ardhini na rimoti mkononi hana la kufanya. Mabawa yetu yalikuwa mapana katikati na membamba nchani, kwa sababu niliyachora hivyo, kwa sababu yalipendeza. Bawa la namna hiyo hupenda kuachia nchani.

Tulihangaika. Achieng' aliubandika uzi wa nyavu mbele ya bawa ili kuivuruga hewa kidogo ishike vizuri zaidi; ulisaidia, lakini haukutosha. Mimi nilipiga hesabu kurasa sita na kupendekeza bolti ya chuma puani, ili ndege iwe na uzito mbele na isiinue pua ovyo. Tukaitia. Kisha nikaenda kwa majuma kadhaa ya mafunzo ya kazi katika kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni, na niliporudi nilikuta ndege ya tisa ikiruka juu ya uwanja wa nyuma ya soko kama kitu kingine kabisa. Achieng' aliipunguza mwendo hadi nikafumba macho nikingoja mlio wa kuvunjika. Haukuja. Ilisinzia, ikaamka, ikaendelea. Nikamuuliza amefanya nini. "Ncha nimezituliza kidogo," alisema, macho yake yakiwa juu. Nilikuwa tayari nimeinama kwenye daftari, nikiandika uzito wa bolti. Nilikuwa na hakika ni bolti. Nikachora mchoro safi wa ndege ile, bolti nikiionyesha kwa mshale mwekundu, bawa limenyooka kama rula, na chini yake nikaandika jina langu.

Siku mbili kabla ya kuionyesha ndege Ahero, mzigo mkubwa ulifika sokoni na Achieng' hakuweza kutoka. Akanipa ndege niihifadhi chumbani kwangu bwenini, bawa likiwa limefungwa juu ya ubao wake kwa vitambaa, kama alivyolihifadhi sikuzote. Jumamosi mchana, chumba kikiwa na joto na mwenzangu amelala, niliamua kulifungua nilisafishe. Nikaliweka juu ya kioo cha meza. Halikukaa sawa. Ncha zote mbili zilikuwa zimejipinda, ukingo wa nyuma umeinuka juu ya kioo, kulia na kushoto. Nikatazama ubao: chini ya mahali pa kila ncha palikuwa na njiti tatu za kiberiti, mpya, zimepangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwa utepe. Nakumbuka niliona huruma. Nilifikiri: boksi bovu, unyevu wa stoo, ubao usionyooka, na njiti za kuuzuia usicheze. Nikaazima pasi. Bawa lilikuwa limevikwa karatasi na utepe wa kufungia vifurushi, na utepe ule ukipata joto hulegea na kukubali umbo jipya. Nilipiga pasi polepole, kitambaa chenye maji katikati, kisha nikalilaza bawa juu ya kioo na kulipangia vitabu vyangu vyote vya uhandisi. Jioni lilikuwa limenyooka kabisa. Nilijivunia. Nilitaka kumwonyesha Achieng' kwamba kazi yake yastahili kupendeza mbele ya wageni. Njiti moja niliwashia stovu ya chai. Nyingine sikumbuki zilikwenda wapi.

Achieng' alikuwa na desturi: kabla ya kurusha, alilishika bawa mbele ya uso, akafumba jicho moja na kuchungulia kutoka ncha hadi ncha. Asubuhi ya maonyesho tulichelewa; wageni walikwisha kuketi, mwenyekiti wa wakulima alikuwa amesimama, na mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa Sondu. Alipoinua bawa achungulie, nilimwambia nimeliangalia mwenyewe, liko tayari. Akanitazama, akatabasamu, akalifunga kwenye ndege kwa raba. Aliniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma. Sijawahi kuandika sentensi iliyo nzito zaidi ya hiyo.

Ndege ilipaa vizuri. Ikiwa na mwendo, bawa lililonyooka na lililopindwa hayatofautiani sana kwa macho. Kwelea waliinuka kutoka mpungani kwa mkupuo mmoja, kama vumbi linalopeperushwa kutoka kwenye mkeka, na watu wakapiga makofi. Mama Rispa alikuwa ametangulia kukubali shamba lake litumiwe. Mwanamke mrefu, mcheshi, aliyefika na debe lake mkononi na kumwambia mwenyekiti kwamba hilo ni la akiba, injini ya watoto ikizimika. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na wengine. Achieng' akaileta ndege chini, akaipunguza mwendo juu ya jaruba la Mama Rispa, akaanza kuigeuza, kona ileile aliyoikata mara nyingi juu ya uwanja wa soko. Mama Rispa akavuka kamba, akapanda juu ya tuta, mkono umekinga jua, aone kama kwelea wamekwisha. Ncha ya kushoto ikaachia. Sikusikia lolote. Niliona mgongo mweupe wa ndege ukigeuka kutuelekea, na kabla sijaelewa ninachokiona, Mama Rispa alikuwa ameketi ndani ya maji ya jaruba, debe likielea kando yake. Hakupiga ukelele. Alishika uso kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa, "Huku nimeona giza. Ni huku tu."

Hospitalini Kisumu tuliketi kwenye benchi la ukutani, mimi na Achieng', na kati yetu gunia lenye mabaki. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba jicho la kushoto halitaona tena. Baada ya muda mrefu Achieng' alilitoa bawa. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Alilishika mbele ya uso, akafumba jicho moja, akachungulia. Nilimwona akiacha kupumua, kama alivyofanya mbele ya waya wa moto. Ila safari hii hakupumua upesi.

"Nani amenyoosha?" aliuliza.

"Mimi."

"Na nini?"

"Pasi."

Akaliweka bawa magotini, akalipapasa nchani kwa kidole gumba. "Njiti zangu ziko wapi?"

"Moja niliwashia stovu," nilisema, kwa sababu ndilo jibu la kweli.

Hapo ndipo aliponieleza, polepole, bila kuinua sauti, huku akionyesha kwa kiganja chake kana kwamba ni bawa. Ukiinua kidogo ukingo wa nyuma wa ncha, ncha hukutana na hewa kwa pembe ndogo kuliko katikati. Ndege ikipunguza mwendo, katikati huachia kwanza. Ncha bado zinabeba, zinaishikilia ndege isipinduke. Alijaribu njiti moja, haikutosha. Alijaribu tano, ndege ikawa nzito kupaa. Tatu ndizo zilizokubali. Somo hilo nililijua. Lilikuwa kwenye daftari langu, lina jina lake la Kiingereza na mlinganyo wake, na nilikuwa nimelijibu katika mtihani wa muhula uliotangulia na kupata alama zote. Nilikuwa nimelijibu, na nilipowekewa lenyewe mezani, juu ya kioo, sikulitambua, kwa sababu lilikuja likiwa limeshikiliwa na njiti za kiberiti na limetoka kwa mtu asiye na daftari.

Bado ningeweza kutenda haki. Juma lililofuata chuo kiliitisha kikao katika chumba cha walimu, chumba chenye zulia la kijani na chupa mbili za chai. Sahani ya mandazi ilizungushwa. Nilichukua moja nikalishika bila kulila. Achieng' aliachwa nje kwenye korido, kwa kuwa hakuwa mwanafunzi, lakini mlango haukufungika vizuri na nilijua anasikia. Mmoja alisema tatizo ni kuwapa rimoti watu wasio na msingi. Mwingine aliuliza ni nani aliyemruhusu msichana wa sokoni kurusha kitu juu ya vichwa vya watu. Kisha mwalimu wangu, mtu mwema, alinigeukia mimi. Aliniuliza: bawa lilikuwa na kasoro yoyote?

Nikasema, "Bawa lilikuwa limenyooka, mwalimu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Niliyachagua maneno yale kwa uangalifu uleule nilioutumia kupiga pasi. Wakaandika kwamba ndege haikuwa na kasoro na kwamba kosa lilikuwa la aliyeirusha. Achieng' akaondolewa chamani, kamati ya wakulima ikaondoa ahadi ya kazi, na habari ya stashahada haikutajwa tena. Mchoro wangu, wenye bolti na mshale mwekundu, uliambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi wa ubora wa ndege yenyewe.

Alinisubiri langoni. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono. "Wacha hiyo, omera," alisema, neno ambalo watu wa kwao humwitia ndugu au rafiki, na ndilo lililonichoma zaidi. "Sitaki pole. Mimi na wewe tunajua, lakini Mama Rispa hajui. Utaandika?" Nikaahidi. Kisha zikaja sababu, kila moja na heshima yake: mtihani wa mwisho, barua ya kazi, mkataba mpya, na hofu ya kwamba nitamfungulia Mama Rispa jeraha lililokwisha kupona. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa ilifanana na wema.

Baada ya mazishi nilimkuta Achieng' nyuma ya hema, akisuuza sahani na akina mama wengine. Siku hizi ana karakana yake Kibuye. Anaunda maboksi na vyombo vya kutunzia vifaranga. Alinisalimia kwa jina langu, Maina, si Injinia. Nilimuuliza kama amesikia alichosema mdogo wa Mama Rispa. Alisema amekisikia, na kwamba si mara ya kwanza. Alikuwa akimtembelea Mama Rispa kila msimu wa mavuno, na alimwambia ukweli mara mbili. Mama Rispa alimjibu kwamba anamtetea tu, kwa kuwa ni mtoto mwenye huruma, na kwamba karatasi ya chuo ilisema ndege ilikuwa nzuri. "Aliamini karatasi," Achieng' alisema, akiendelea kusuuza. "Ungekuja wewe mwenyewe, angeamini."

Nilitaka kuondoka. Akanishika kwa mkono wenye povu la sabuni. Aliniambia kwamba mwalimu mmoja wa shule ya upili, upande wa Muhoroni, alimpigia simu muhula uliopita, baada ya kusikia kwamba aliwahi kuunda ndege. Wanafunzi wake wanaunda ndege kutoka mchoro waliourithi, ulionakiliwa kutoka ripoti ya chuo, na kila ikigeuka polepole inaangukia kushoto. Moja ilianguka kati ya wanafunzi waliokuwa wamepanga mstari. Mwalimu huyo alimtumia picha ya mchoro. Ulikuwa umenakiliwa mara nyingi hata mshale wangu ukawa mweusi, lakini jina lilisomeka. Achieng' alimweleza la kufanya. Hakujua ni shule ngapi nyingine zina nakala, wala mimi sijui.

Kwa hiyo nimeandika, Achieng', nimechelewa, na mtu aliyestahili kusoma yuko chini ya udongo wa Ahero. Bawa halikuwa sawa. Nililiharibu mimi, kwa pasi, nikakaa kimya. Aliyerusha hakukosea. Aliyevuka kamba hakukosea.

Na wewe msomaji, ninakuomba jambo moja. Ikiwa shuleni kwako, chuoni au nyumbani kuna mchoro wa ndege wenye bolti puani na jina langu chini, usiitengeneze ndege hiyo kama ilivyochorwa. Unapoliunganisha bawa, liweke juu ya ubao ulionyooka, na chini ya ukingo wa nyuma wa kila ncha weka njiti tatu za kiberiti, moja juu ya nyingine, mpaka gundi ikauke. Kisha lifute jina langu, uandike la Achieng'.